Mwito wa Malachy, Mtu wa Mikate

Mtu anayependwa na pande zote mbili, mimi simwamini. Nilisema hivyo mwaka ule, na ukiniuliza leo nitakwambia hivyo hivyo.

Malachy Toner alikuwa dereva wa gari la mikate hapa kwetu Drumnagreel, Kaunti ya Tyrone, enzi za vita vile ambavyo serikali ilikataa kuviita vita. Asubuhi anagawa mikate kwa Wakatoliki na Waprotestanti bila kubagua. Jioni anashika gitaa lake lenye ufa, anaimba nyimbo alizotunga mwenyewe, zote za amani. Wiki hii yuko kwenye ukumbi wa kanisa letu Wakatoliki, wiki ijayo unasikia kaimba kwenye ukumbi wao Waprotestanti, chini ya picha ya malkia. Mrefu, mwembamba, na sauti ya kukusahaulisha sufuria motoni.

"Malachy, hivi wewe uko upande gani?" nilimuuliza siku moja alipoleta mikate ya baa yangu.

"Upande wa usukani, Rosaleen."

Nilicheka, lakini sikupenda. Kwetu mtu anayejibu kwa mzaha ana kitu anakificha. Hapa ukitaja jina lako tu, watu wameshajua unasali wapi na baba yako alimpigia nani kura. Tumezaliwa tunapimana, na huyu hakukubali kupimwa.

Kisha wakamkamata mwanangu Eunan. Askari walikuja moja kwa moja mpaka kwenye banda la nyuma, wakang'oa ubao uleule, wakatoa bunduki. Hawakupekua mahali pengine popote! Habari ya ubao ule ilizungumzwa mara moja tu, jikoni kwangu, asubuhi ya mikate, na Malachy alikuwa amesimama mlangoni na trei yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawa nikifumba macho naiona trei ile.

Fintan Quigg akaja kuniona. Fintan ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana wetu wa bunduki, wale wa siri ambao kila mtu aliwajua. Akaketi, akanywa chai, akasema kwa upole kama anaongea na mgonjwa: "Mama Eunan, kuna mtu anatuchongea. Nataka neno moja tu. Siku ile, Malachy alikuwepo hapa jikoni?"

"Nikishakupa hilo neno, utamfanya nini?"

"Unajua."

Nilijua. Wachongezi walikuwa wakiokotwa maiti kando ya barabara ya mpakani.

"Tena kila Alhamisi gari lake linasimama saa nzima mbele ya nyumba moja ya Waprotestanti kule Killybrack," akaongeza. "Mkate gani huo wa saa nzima? Mwalike Jumapili. Akishaimba, niambie ndiyo au hapana papo hapo. Ukisema ndiyo, nitamsindikiza nyumbani mimi mwenyewe."

Nilishakata shauri. Mwanangu anaozea gerezani, halafu huyu aniimbie amani? Thubutu! Ningesema ndiyo. Malachy alipoleta mikate, nikamwambia aje Jumapili atuimbie. Akanitazama kidogo, akasema atakuja.

Siku hizo sheria ilikataza baa kufunguliwa Jumapili, kwa hiyo mji mzima ulipita mlango wa nyuma. Baada ya Misa ya mchana mapazia yakashushwa, watu wakajaa, moshi wa sigara ukatanda. Malachy akaingia na gitaa lake, na nyuma yake mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kijivu, mkoba kaubana kifuani.

"Mgeni wangu," akasema. Basi. Jina hakutaja!

Packie, jirani yangu, hakuweza kuvumilia. "Unatokea wapi, mama?"

"Mbali kidogo."

"Nikupe wiski?"

"Chai tu, asante."

Packie akaja kaunta, akaninong'oneza: "Mkao ule si wa kwetu. Mtu wa kwetu angeshaegemea ukuta." Nami nikazidi kuchemka. Amethubutu kuniletea nani huyu?

Sasa, kwetu kuna jambo moja halivunjwi. Anayemaliza kuimba ndiye mwenye mwito: anamtaja amtakaye, na aliyetajwa hakatai. Kama huna sauti, utakariri hata mistari miwili, utatukoholea hata shairi la shule. Na ukishaitwa, hata uwe adui wa nyumba, nyumba inanyamaza mpaka umalize. Hata paroko anatii.

Malachy akaimba wimbo mpya. Ni wa kijana anayetoka nyumbani mbio, kipande cha mkate mdomoni, mama yake anampigia kelele afunge lango. Kijana halifungi, wala harudi. Lango linabaki wazi, na mama hataki mtu yeyote alifunge tena. Hakukuwa na jina lolote ndani yake. Wanawake wakalia. Packie akajifuta macho kwa kofia, akasema, "Huyo ni Donal, kijana wetu, Mungu amrehemu." Hata mimi nililia, namwona Eunan, huku bado nimemkasirikia aliyenitoa machozi.

Makofi yakapigwa. Fintan, pale mlangoni katika koti lake la kijani, akanitazama. Nikafungua mdomo.

Malachy akaniwahi. "Mwito ni wangu. Namwita mama Wilma Orr."

Wilma! Tena Orr! Mprotestanti mtupu, ndani ya nyumba yangu, nyuma ya mapazia yangu. Mtu akaitua glasi kwa kishindo. "Nani kamleta huyu hapa?"

"Kaitwa," Packie akasema. "Mwacheni."

Yule mama akasimama. "Mliyekuwa mkimlilia ni Ivan wangu," akasema. "Alikuwa tarishi wa posta. Alipigwa risasi barabarani akipeleka barua. Malachy huja kwangu Alhamisi, namsimulia habari zake, ndiyo anatunga."

Kisha akaimba wimbo wa kanisani kwao. Sauti nyembamba, haina nguvu. Ubeti wa pili ukampotea, akarudi nyuma, akauanza upya. Hakuna aliyekohoa.

Alipomaliza, mwito ukawa wake. Akazungusha macho polepole. "Majina yenu siyajui. Namwita yule kijana wa mlangoni, mwenye koti la kijani."

Fintan! Tukashusha pumzi, maana Fintan alikuwa na sauti. Harusi zote za mji huu aliimba bila hata kuombwa. Tukangoja.

"Sijui wimbo wowote," akasema.

"Hata mistari miwili tu, mwanangu."

Akatazama sakafu. Akatazama saa, akatazama chupa zangu, kila mahali isipokuwa uso wa yule mama. Masikio yakamwiva. Sijawahi kuona mtu akikataa mwito ndani ya nyumba ile, si kabla wala baada. Akapapasa kitasa nyuma yake, akafungua mlango, akatoka.

Packie akapiga ishara ya msalaba. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa umeelewa ni nani aliyempiga Ivan risasi. Nami nikaelewa kwa nini nyumba ile ya Killybrack, ya mama Wilma, ilimkera Fintan kiasi kile. Neno langu la ndiyo nililimeza. Kabla ya wiki kuisha Fintan alikwenda Amerika, na hakuna mwingine aliyekuja kuniuliza.

Asubuhi iliyofuata ile Jumapili Malachy alileta mikate kama kawaida. Nikaufunga mlango.

"Ulijua ni Fintan?"

"Sikujua."

"Na yule mama, je?"

"Sijamuuliza."

"Muongo wewe."

"Pengine."

"Na Eunan? Ni wewe uliyemchongea?"

"Si mimi, Rosaleen."

Niliyapima maneno hayo pale pale, na mpaka leo nayapima. Sijasema ni yeye. Sijasema si yeye.

"Basi kilichokufanya umlete yule mama nyumbani kwangu ni nini?"

Akaitua trei. "Miaka yote hii hujawahi kunialika Jumapili. Ukanialika wiki ileile Fintan alipokunywa chai kwako. Nikaona nisije peke yangu."

Uso uliniwaka moto. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, lakini yeye alikuwa anapanga mikate yangu kwenye rafu.

"Kama ulijua, kwa nini hukukimbia?" nikamuuliza. "Kwa nini ulikuja?"

"Nisingekuja, wangenifuata nyumbani," akasema. "Na mama yangu ndiye hufungua mlango."