Mafuta ya Prosesa

Haijanitoka kichwani, mwanangu, ile siku niliyorudi kutoka Singida mjini na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyofungwa kwenye gazeti, nimeipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Mpaka tunafika Iguguno nilikuwa nimeshaifungua mara tatu kuitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ujuaji wa kufa mtu.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinipigia simu ukaniuliza, "Mjomba, ninunue prosesa gani? Magemu yananikwama." Nilifurahi sana, hata hujui tu. Mimi wakati wangu sikumuuliza mtu.

Kompyuta yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya mama yako. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kufundisha hapa Kiomboi, na shule nzima hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa na kompyuta, kwa hiyo mitihani yote alichapa yeye. Akitoka kwenda kazini, mimi nakalia kiti chake, nacheza gemu la mpira. Mchezaji wangu anakimbia weee, akifika golini anaganda. Rafiki zangu wakasema dawa yake ni prosesa kubwa, nikaamini. Mama yako sikumwambia kitu. Nilitaka kumfanyia sapraizi, eti.

Prosesa nilikwenda kuinunua kwa Mzee Mkumbo, fundi wa pale Singida mjini. Alianza na redio za kaseti, akaingia kwenye kompyuta akiwa tayari na mvi zake. Nilimpa shikamoo, na heshima yangu yote iliishia hapo. Akaniuliza bodi yangu ni aina gani, kwa maana prosesa haikai kwenye kila bodi. Nikamtajia bodi ya rafiki yangu. Akaniuliza kama pawasaplai yangu, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, itabeba mzigo huo. Nikasema, "Najua mzee, inabeba."

"Na mafuta ya kupaka juu ya prosesa unayo?"

"Najua mzee. Mafuta nyumbani yapo tele."

Sasa usicheke kabla sijamaliza. Mafuta anayosema fundi ni ile dawa nzito, nyeupe, inayouzwa kwenye bomba dogo kama la sindano. Unaweka kidogo tu kati ya prosesa na feni yake ili joto lipate pa kutokea. Lakini sisi kwetu ni wakulima wa alizeti. Ukinitajia mafuta mimi nawaza dumu lililoko jikoni.

Kesho yake asubuhi mama yako alipoenda shule nilifungua mashine. Kwa bahati tu prosesa ikakaa. Nikachota mafuta ya bibi yako kwa kijiko, nikapaka, nikaona hayatoshi, nikaongeza. Nikawasha. Gemu likafunguka vizuri, nikaanza kujisifu peke yangu chumbani! Haukupita muda nikasikia harufu ya maandazi. Nikajua bibi yako anapika. Kumbe ni mimi. Mara paa! Moshi ukatoka nyuma ya mashine, kioo kikawa cheusi.

Nikachomoa waya wa umeme ukutani. Humo ndani kulikuwa na mitihani ya darasa la saba, na Jumatatu ilitakiwa mezani kwa mwalimu mkuu. Nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikadandia basi, nikarudi kwa Mzee Mkumbo.

Aliifungua, akainama, akanusa. Akanitazama.

"Kijana, hii umeiunga? Na vitunguu umeweka?"

Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaacha Kiswahili akahamia Kinyiramba, na mzee wa kwetu akihama hivyo ujue umepatikana. Aliniambia kosa langu si mafuta, maana asiyejua ataacha kukosea vipi? Kosa langu ni ile "najua". Kila alipouliza nilimfungia mlango, na yeye aliuliza ili anisaidie. Kisha akaniambia gemu halikuwa likikwama kwa sababu ya prosesa hata kidogo. Memori ilikuwa ndogo. Kipande kimoja tu cha memori kingetosha. Akaniambia niiache mashine, aisafishe kwa spiriti na mswaki, abadilishe pawasaplai iliyoungua, halafu aone kama mitihani imepona.

Nikarudi Kiomboi mikono mitupu. Njiani nilitunga uongo wa kila aina, wa umeme, wa panya. Nilipomkuta mama yako anakagua madaftari uongo wote ukakauka mdomoni, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Nikangoja anipige hata kofi. Aliweka kalamu chini, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Wewe hujaungua?"

Nililia, mwanangu. Mwanaume mzima na ndevu zangu. Jumamosi tulikwenda wote wawili Singida, tukakuta mitihani imo salama, na mama yako akaichukua mashine yake akiwa anacheka.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujanunua prosesa, tafuta kwanza kinachokwamisha. Huenda ni memori, huenda ni kadi ya picha, huenda ni vumbi la huku kwetu limejaa kwenye feni. Ukishajua, soma bodi yako inapokea prosesa ipi, hakikisha pawasaplai inaweza kubeba vyote, na hayo mafuta ukanunue dukani. Fundi akikuuliza usichokijua, mwambie "sijui, nielekeze." Hutapungua kitu. Na ukiharibu, maana utaharibu tu siku moja, nenda nyumbani ukaseme ukweli siku hiyohiyo.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mikono ya kazi na masikio ya kusikia. Akuzungushie watu ambao ukiwaendea na kitu kilichoungua watakutazama wewe kwanza.