Sauti ya Nyanya Mghoi na Biti Nane

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, na nikiikumbuka kifua kinawaka. Nivumilie basi nikianza kwa ukali. Jana nilikusikia studioni kwako ukimwambia mteja, "Biti nane zinatosha, mama. Simu yako haitajua tofauti." Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Leo sinyamazi.

Nilikuwa msichana, nimeajiriwa katika studio moja hapa Voi, bosi wetu akiitwa Mwadime. Alinituma kijijini Wusi, juu milimani, nikamrekodi Nyanya Mghoi, aliyejua nyimbo za Kidawida, lugha ya Wataita, za kubembeleza watoto ambazo wengine walishazisahau. Nilimrekodi kwa kaseti, jikoni kwake, kuku wakiingia na kutoka watakavyo. Maradhi yalikuwa yamemfifisha sauti. Na kila mwisho wa ubeti aliishusha zaidi, ikabaki kama pumzi, maana, aliniambia, hapo ndipo mtoto anaposinzia.

Haukupita muda akafariki. Mumewe, Mzee Mwakio, akashuka Voi kuomba amsikie.

Mwadime alikuwa ameshaiingiza kaseti kwenye kompyuta, mimi nikiwa kazini Mwatate. Kwanza aliondoa ule mchakacho wa kaseti, eti ni uchafu. Kisha akahifadhi faili kwa biti nane, asijaze diski. Haraka haraka haina baraka!

Hebu elewa, mwanangu. Biti ndizo zinazoamua sauti itapanda na kushuka kwa vidato vingapi. Zikiwa nyingi, vidato ni vidogo, hata mnong'ono unapata pa kukanyaga. Zikiwa chache, vidato ni virefu, na mnong'ono usiokifikia hata kidato cha kwanza hauandikwi, panabaki kimya. Ule mchakacho unaochukiwa na kila mtu ndio uliokuwa ukiinua sauti ndogo ivuke kidato, sikio likaidaka. Mwadime aliuondoa, sauti ikazama.

Mzee Mwakio aliketi, kofia mapajani. Wimbo ukaanza, safi kabisa. Ulipofika mwisho wa ubeti, kimya. Ubeti wa pili, kimya tena. Akaigeukia spika.

"Hapa huwa anaimba," akasema. "Mbona haimbi?"

"Mzee, hapo palikuwa na kelele tu," Mwadime akajibu. "Nimepasafisha."

Nikadakia, "Kaseti iko wapi?"

Mwadime alikuwa ameshaifuta kwa kurekodi juu yake tangazo la duka la simenti. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu aliuchoma mbachao kabisa.

"Wacha nigeuze faili iwe ya biti ishirini na nne," akasema, akishika kipanya. "Itarudi."

"Itarudi kutoka wapi?" Nilimfokea bosi wangu mbele ya watu, na sijutii. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ulete pipa. Ukiikuza faili unaongeza vidato vitupu, wala hakuna wa kuvikanyaga.

Mzee Mwakio akasimama. Hakupaza sauti.

"Kijana, mke wangu nilimzika kule Wusi. Leo umemzika tena, na safari hii hukuniita."

Niliacha kazi ile. Niliazima kinasa sauti kizuri, nikapanda Wusi, nikamwomba mzee aimbe anachokumbuka. Aliimba, sauti ikitetemeka, nami sikuondoa hata kikohozi chake. Alipokaribia mwisho wa ubeti akasita.

"Hapa sijui," akasema. "Alipofika hapa, mimi pia nilikuwa nimeshalala."

Mimi mwenyewe niliyasikia mara moja tu kule jikoni, nikaiachia kaseti iyakumbuke. Maneno yale hayajulikani na mtu yeyote hadi leo. Ndiyo maana nina hasira, na sitaki kutulizwa.

Sasa shika neno langu. Rekodi kwa biti nyingi tangu mwanzo, maana kilichopotea pale hakifufuki kwa mashine. Kaseti ya mtu usiiguse. Fanyia kazi nakala. Kelele usiifute kabla hujainamisha kichwa ukasikiliza nani anaongea ndani yake. Na usijifiche nyuma ya spika mbovu ya mteja: spika atanunua nyingine, mama yake hatampata mwingine.

Nimegomba kwa sababu nakupenda. Mungu akupe sikio lenye subira na mkono usio na pupa, na wote watakaokukabidhi sauti za wapendwa wao warudi nyumbani nazo zikiwa kamili.