Siku Niliyokalia Kimea cha Mama Mkwe

Mmekuwa mkiniuliza kwa nini mzee mzima nashuka baiskeli kwenye kila mteremko, hata ule mdogo wa kwenda kanisani ambao watoto wanaushuka huku wameachia mikono, na siku zote nimewajibu kwamba ni magoti. Si magoti. Ni aibu, tena aibu ya siku moja tu, na leo naisema kwa kinywa changu kwa sababu mke wangu Bhoke ameanza kuwasimulia wajukuu, na yeye akisimulia huongeza chumvi (anasema nililia, sikulia, ni vumbi la kimea liliniingia machoni).

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimerudi kutoka mashamba ya chai kule Kericho, na nilirudi na vitu vinne ambavyo kijiji chetu huku upande wa Nkende hakikuwa navyo vyote kwa mtu mmoja: baiskeli, kofia ya ukingo mpana, viatu vyeusi vya kung'aa, na Kiswahili cha kambini ambacho nilikuwa nakitumia hata kumwambia ng'ombe asogee. Kichwa kilikuwa kimevimba, sitawaficha. Baba yangu akatoa ng'ombe wa mahari, nikamwoa Bhoke wa Nyamwaga, msichana mwenye maneno machache na macho yanayoona kila kitu, na tukakaa vizuri mwaka mzima mpaka lilipotokea jambo la kihenge.

Bhoke aliniambia paa la kihenge cha ulezi linavuja. Nikamwambia nitaliziba. Baada ya siku chache akaniuliza kama nimeziba, nikasema nimeziba, na kweli nilikuwa nimepanda nikaweka majani kiganja kimoja, nikaona viatu vinachafuka, nikashuka. Mvua ikaja ya siku tatu. Tulipofungua, ulezi wa juu wote ulikuwa umelowa na umeanza kuchipua, na bahati mbaya siku hiyo wenzangu wa rika walikuwa wamekaa kwangu wananisikiliza nikieleza habari za Kericho, na mmoja akauliza, hii imekuwaje. Hapo ndipo ningesema ni mimi, ingekuwa maneno mawili tu na yameisha. Badala yake nikasema mwanamke huyu aliacha kifuniko wazi.

Bhoke aliniangalia mara moja tu, akaendelea kuchota ulezi uliolowa. Alikaa siku kadhaa akifanya kazi zake kimya, na asubuhi moja akajitwika kikapu akaenda kwao.

Siku ya kwanza nikasema atarudi. Siku ya nne nikawa nakula kwa mama yangu, ambaye alikuwa ananiwekea chakula bila kuniangalia. Siku ya nane nilikuwa nimekaa nje naiangalia nyumba yangu, na niwaambie ukweli, nyumba bila Bhoke ilikuwa haina maana yoyote, hata baiskeli niliiona kama chuma tu. Baba akaja akakaa karibu yangu. Yeye alijua yote, maana alikuwa amepanda kwenye kihenge akaona kile kiganja changu cha majani.

"Mura," akaniambia, ndivyo kijana anavyoitwa kwetu, "nenda kwa miguu, polepole. Ukifika useme kosa ni lako. Utarudi naye."

Nikaitikia. Kulipokucha nikapiga pasi suruali ya kaki, nikavaa na kofia na viatu, nikachukua baiskeli. Nilijiambia nikienda kwa miguu watu wote wa njiani watajua naenda kuomba, lakini nikienda kwa baiskeli wataona mtu anakwenda kutembelea wakwe zake, na hata nikifika huko labda watafurahi tu kuniona nilivyopendeza, wampe Bhoke kikapu chake tuondoke bila mtu kuulizana na mtu.

Sasa habari ya baiskeli yenyewe. Breki ya mbele nilikuwa nimeitoa kwa mkono wangu ili nipate nafasi ya kufunga taa kubwa, na taa yenyewe ilikuwa haiwaki. Breki ya nyuma mpira ulikuwa umekwisha. Kawaida nilikuwa nasimamisha kwa kuweka soli ya kiatu kwenye tairi, lakini siku hiyo viatu nilikuwa nimevipaka rangi. Kwa hiyo nilipanga kila mteremko nishuke niikokote, na nilifanya hivyo njia nzima vizuri kabisa, mpaka ule mteremko wa mwisho wa kushukia ukweni, ambapo kulikuwa na wanawake wanapalilia mahindi pande zote mbili za njia, wakaniona, wakasimama na majembe, na mmoja akawaambia wenzake yule ndiye mume wa Bhoke, yule wa Kericho.

Ningeshuka vipi hapo? Nikawapungia kofia. Nikakaa sawasawa kwenye kiti, nikaachia.

Mwanzo ilikuwa raha. Kufika katikati haikuwa raha tena, kofia ilikuwa imeshuka nyuma inaning'inia kwa kamba shingoni, na taa inagonga kama sufuria. Na pale chini, njia inapopita karibu na mji wa wakwe zangu, yaani boma lao, nikamwona mama mkwe anatoka kisimani na mtungi kichwani, anakuja moja kwa moja upande wangu.

Vijana wa siku hizi hamwezi kuelewa, maana nyie mnakaa na mama mkwe meza moja. Kwetu Wakurya, enzi zile, mkwe na mama mkwe hawakutani njiani. Mkionana kwa mbali kila mtu anaacha njia, anageuza uso, mnapishana mmeachiana nafasi, na mkono hampeani (hata leo jina lake mimi silitaji, na amekwisha kufa). Yeye, mama wa watu, alifanya inavyotakiwa, akaingia vichakani mkono wangu wa kulia, akageuka akanipa mgongo. Mimi ilibaki kushoto. Na kushoto ndiko kulikokuwa na mlango wa mji wake.

Nikaingia. Nilipita uani kwa kasi ambayo kuku wa pale nadhani waliizungumzia mwaka mzima. Katikati ya uwanja kulikuwa na ngozi kubwa ya ng'ombe imetandikwa na juu yake kimea kimeanikwa, kimesagwa tayari kwa pombe, gurudumu la mbele likazama humo, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea kidogo, kisha nikakaa. Na wakati wa kukaa nikasikia suruali inapasuka nyuma, mpasuko mrefu, kutoka kiunoni kwenda chini, na upepo ukaingia mahali ambapo upepo hauingiagi.

Mama mkwe alikuwa bado pale vichakani, hatua chache tu. Nikisimama, ikitokea amegeuka, ataona kitu ambacho mama mkwe haoni maisha yake yote. Na baba mkwe alikuwa ndani ya nyumba na wazee wawili wa ukoo, wamesikia kishindo, wanatoka.

Mkwe mwenye adabu akiona wazee anasimama. Hata mgonjwa husimama, na asiyeweza kabisa husema siwezi. Mimi sikusimama na sikusema siwezi. Nilikunja miguu juu ya kimea cha watu, nikaweka kofia yangu mapajani, nikawasalimia kwa Kiswahili kile cha Kericho, "Shikamooni wazee," kana kwamba nimefika zamani nikaandaliwa mahali pa kukaa.

Mzee mmoja ambaye hakujua Kiswahili akamuuliza mwenzake huyu anasema nini. Mwenzake akasema sijui, labda anatuagiza maji.

Baba mkwe alikuwa mtu mpole, ana sauti ya chini. Akaniuliza kama nimeumia. Ndiyo ilikuwa nafasi ya pili ya kusema kweli siku ile. Nikasema hapana baba, niko salama, napumzika tu. Akanikaribisha ndani. Nikasema hapa panatosha, kuna hewa nzuri. Akauliza mbona nimepita juu ya kimea. Nikasema (hapa mnisamehe) kwamba ngozi ilikuwa imewekwa karibu na njia, huko Kericho vitu havianikwi karibu na njia.

Wazee wale wawili wakatazamana. Baba mkwe akavuta kigoda akakaa mbele yangu ili tulingane.

"Mura, kimea hiki ni chako," akasema. "Binti yetu alikuja nacho kichwani. Alisema mume wake amemtuma alete kimea mama yake apike pombe, na yeye mwenyewe anakuja nyuma kututembelea. Tukaita wazee. Siku zote hizi tulikuwa tunakungoja."

Nikainama nikakiangalia. Ulikuwa ulezi wangu. Ule uliolowa, niliosema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliuharibu. Zile siku alizokuwa akifanya kazi kimya alikuwa anauacha uchipue vizuri, anauanika, anausaga, na alipofika kwao hakusema mume wangu mwongo, hakusema mume wangu amenisingizia, alisema mume wangu amewakumbuka. Nilisikia uchungu hapa kifuani ambao hata kule kuanguka hakukunitia.

"Lakini sasa naona mtu amekuja kukanyaga chakula chetu na anatusalimia amekaa," baba mkwe akaendelea, bado kwa ile sauti ya chini. "Kwa hiyo binti yetu atabaki hapa. Ng'ombe wa mahari wa baba yako wapo zizini, atume mtu aje awachukue. Mimi siwezi kumrudisha mtoto kwa mtu nisiyemjua."

Akashika magoti anataka kuinuka. Na mimi, kama mnavyoniona, bado nilikuwa nimekaa. Mke anakwenda, na mimi nalinda suruali.

Ndipo Bhoke akatoka jikoni. Aliangalia baiskeli, akaniangalia usoni, akaangalia jinsi nilivyoshika ile kofia, na nawaambia yule mwanamke alielewa yote kabla sijafungua mdomo. Akarudi ndani, akatoka na shuka. Akaja nyuma yangu, akalifungua, akanizungushia kiunoni kama mtu anayefunga mzigo, na akaninong'oneza sikioni.

"Simama. Na useme."

Nikasimama. Kimea kinadondoka kila mahali. Shuka lilikuwa lake, fupi, na viatu vyangu vinavyong'aa vikaonekana chini yake vizuri sana. Nikawasalimia wazee upya, kwa Kikurya, nimeinamisha kichwa. Kisha nikasema yote. Nikasema suruali imepasuka ndiyo maana sikusimama, si dharau. Nikasema baiskeli haina breki, nimeitoa mwenyewe, na mteremko niliushuka kwa sababu wanawake walikuwa wananitazama. Nilipofika kwenye kihenge nikapaza sauti kwa makusudi, maana nilijua mama mkwe ameshazunguka yuko nyuma ya nyumba yake anasikia, na kwake sina njia nyingine ya kufika.

"Kihenge ni mimi sikukiziba. Bhoke aliniambia, nikadanganya. Nikamsingizia mbele ya watu. Kimea hiki amekitengeneza yeye, mimi sikujua hata kama kipo."

Mzee yule asiyejua Kiswahili akaanza kucheka kwanza, taratibu, mabega yanapanda na kushuka, akifuta macho, akauliza kwa hiyo muda wote ule alikuwa amekalia tundu. Baba mkwe alijizuia akashindwa. Bhoke peke yake hakucheka, alikuwa ananitazama, lakini uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule ninaoufahamu.

Kisha akaitwa nyuma ya nyumba. Tukasikia mama yake anaongea chini chini muda mrefu, na Bhoke akarudi na ujumbe, akausema wima kama shahidi barazani:

"Mama anasema mkwe wake aambiwe kwamba kimea hakitupwi. Kitapikwa hivyohivyo. Ila wa kwanza kunywa ni aliyekikalia."

Basi nikalala ukweni siku zote za kupika ile pombe, kwa mzee jirani, na shuka la mke wangu kiunoni mpaka suruali ilipopata fundi. Wazee walisema lazima mbuzi atoke kwangu, maana mambo ya kumpita mama mkwe kwa namna ile hayaachwi hivihivi, na nikamtoa, sikubisha. Nilikunywa wa kwanza. Ilikuwa pombe nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa, na nina sababu ya kuisifu. Kurudi nyumbani tulirudi kwa miguu, Bhoke na kikapu chake kitupu, mimi naikokota baiskeli, na tulipowapita wale wanawake wa mahindi hakuna aliyenipungia mkono, wote walikuwa wamekaa chini wanashika mbavu. Nilipofika nikawaita wenzangu wa rika na kuwaambia habari ya kihenge, na hilo, niwaambie, lilikuwa gumu kuliko mteremko.

Tangu siku hiyo niliapa: kwenye mteremko nashuka baiskeli, hata kama dunia nzima imesimama na majembe kunitazama. Na kihenge napanda kuziba kila mwaka kabla ya mvua, Bhoke anasimama chini ananiuliza kama nimeziba vizuri, namwambia sina hakika, panda na wewe uangalie. Anapanda. Mara nyingi sijaziba vizuri.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo na hatukuwahi kusimama tukaongea uso kwa uso, ndivyo ilivyokuwa. Lakini kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anatuma kikapu cha kimea, na aliyekileta alikuja na maneno yaleyale, mwambie mkwe wangu hiki ni cha kupika, si cha kukalia. Halafu ukaja mwaka ambao ametuacha, tukavuna, na kikapu hakikuja. Siku hiyo nililia, na Bhoke akiwasimulia hilo msimbishie.