Bibi Dorkas Alivyopanda kwa Njia ya Pimbi

Siku hizi watu wa kwetu Iramba wanapanda mlima wamekaa ndani ya gari, na wakifika wanalalamika kiuno kinauma. Bibi yangu Dorkas aliupanda kwa mikono na magoti, akiwa na miaka hamsini na kitu, upande ambao hata mbuzi waliuogopa. Simsifu kwa sababu ni bibi yangu. Alikuwa mbishi, mkali, na mkaidi kupita kiasi, na kama asingekuwa hivyo sisi leo tusingekuwa na pa kulima.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka miwili kabla ya vita vya Hitla. Babu Simeoni alifariki akamwachia bibi shamba la mtama chini ya mlima, udongo mweusi wa kando ya kijito. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Rahabu, ndiye mama yangu. Jumbe Paskali akaona mwanya. Akatangaza kuwa mjane asiye na mtoto wa kiume hana shamba, akapanda karanga zake humo hata matanga hayajaisha. Nasema wazi, alikuwa mwizi, na koti la Serikali alilovaa halikubadilisha kitu.

Bibi akapeleka shauri barazani. Baraza lilikuwa juu ya mlima, na Bwana Shauri, yule Mwingereza mkubwa wa wilaya, alikuwa anakuja kusikiliza siku moja tu, Jumatano. Ukiitwa mara tatu hujafika, shauri lako limekufa, na kwa bibi hiyo ilikuwa na maana kwamba shamba limekwenda. Jumbe hakuwa mjinga. Jumanne akatangaza karantini ya sotoka: barabara ya mlimani imefungwa, mtu wa chini asipande mpaka Alhamisi. Akaweka wanaume wawili wenye marungu, kisha yeye mwenyewe akapanda zake. Bibi hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuugua hiyo sotoka.

"Mama, kaa tu nyumbani," mama yangu akamsihi. "Barabara imefungwa."

"Iliyofungwa ni barabara," bibi akasema. "Mlima haujafungwa."

Ilikuwepo Njia ya Pimbi, ufa mrefu kwenye ukuta wa mlima, uliotumiwa na warina asali zamani kabla barabara haijachimbwa. Jumbe naye aliikumbuka. Akampeleka tarishi wake, Isaka, akae katikati ya ule ufa amrudishe bibi akitokea. Huyo Isaka ndiye baba yangu. Alikuwa amemwoa Rahabu, kwa hiyo mwanamke ambaye yeye alitumwa kumzuia alikuwa mama mkwe wake.

Hapo ndipo Jumbe alipokosea. Hakuwa mtu wa kwetu, aliletwa tu na Serikali, akadhani mama atamsikiliza mkwewe kuliko mtu mwingine. Kwetu wakati ule mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni, wala hakutaja jina lake, na wakikutana njiani aliingia porini mpaka mama apite. Baba alijaribu kueleza, akaambiwa amri ni amri. Akaenda akiomba Mungu bibi asije.

Bibi akaja. Baba alikuwa amekaa pale ufa unapobana, mahali mtu mnene hapiti, akasikia kikohozi chini yake na akakijua. Akaruka kusimama, akatafuta pori la kuingia. Kulia jiwe, kushoto jiwe, chini mama mkwe. Akafanya jambo pekee ambalo mtu mwenye adabu angeweza kulifanya. Alimgeuzia mgongo, akapanda.

Bibi aliona kaptula ya kaki na visigino, akajua ni nani. Yeye pia hakuweza kumsemesha, kwa hiyo akasema na jiwe.

"Wewe jiwe, mwambie huyo aliyetangulia, kama amekuja kunizuia ageuke anizuie."

Baba hakugeuka. Alilijibu jiwe lililokuwa mbele ya pua yake. "Jiwe, mwambie mama nimetumwa."

"Na mimi nimejituma. Aongeze mwendo, ananimwagia mchanga machoni."

Karibu na juu pana bamba la jiwe tupu, refu kama watu wawili, halina pa kushika. Baba, kijana wakati ule, alilipanda kwa taabu. Bibi akakwama. Magoti yalikuwa yanatoka damu, na kwa mara ya kwanza siku ile akaogopa, mwenyewe alikiri. Juu yake baba alisimama amempa mgongo, anasikia anavyohema. Angeweza kumwacha palepale. Amri ya Jumbe ingetimia bila yeye kusema neno.

Akafungua mshipi wake mwekundu wa utarishi, ule mrefu wa kuzungusha kiunoni mara nne, akaufunga kwenye mzizi mnene, akaushusha nyuma yake bila kutazama.

"Jiwe," akasema, "mwambie mama ashike."

Barazani karani alishaita mara mbili. Jumbe amekaa mbele, mguu juu ya mguu. Karani anafungua mdomo kuita mara ya tatu, baba akatokea ukingoni, shati limechanika.

"Isaka! Yuko wapi?" Jumbe akauliza.

Baba akasogea pembeni, maana hapo sasa palikuwa na nafasi ya kusogea. Bibi akatokea nyuma yake, vumbi tupu.

"Nipo," akasema.

Bwana Shauri akamtazama yale magoti. "Mama, barabara imefungwa. Nani amekuleta?"

"Tarishi wa Jumbe, bwana. Amenitangulia njia nzima."

Baraza lote likaangua kicheko, isipokuwa Jumbe. Akaulizwa ni ng'ombe wa nani aliyeugua sotoka, akashindwa kumtaja hata mmoja. Wazee wakaulizwa shamba ni la nani, wakasema. Kabla ya saa sita shamba likarudi kwa Dorkas, pamoja na karanga zilizomo.

Jumbe akamfukuza baba kazi siku ileile, mbele za watu. "Kwa nini hukumzuia?"

"Ningemzuia kwa uso gani, Jumbe?" baba akajibu.

Alirudi nyumbani hana kazi, na bibi akamtuma binti yake. "Mwambie mumeo aje na jembe. Upande wa kijito ni wake." Wakalima shamba lile miaka ishirini na mitatu, kila mmoja upande wake, wamepeana mgongo. Baadaye mchungaji wa kanisa letu alimwambia bibi kuwa mila hiyo imepitwa na wakati, amruhusu mkwe wake amwamkie uso kwa uso kama Wakristo wengine.

"Mgongo wake ndio ulionipandisha," bibi akamjibu. "Uso wake nautakia nini?"