Mshale Ulioelekea Busta

Siku yangu ya kwanza gerejini Kiwalani sikushika spana. Fundi Mkuu alifungua boneti ya gari lililotoka Japani, akanionyesha mipira myembamba iliyosokotana. "Humu hewa inavutwa na injini. Ukiziba bila kujua, utaua mtu. Leo tazama tu."

Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje, magari yaliyotumika yakaja mengi. Yalikuwa na vifaa vya kupunguza sumu ya moshi. Vikiharibika, vipuri hatuvipati. Basi tuliving'oa, na matundu ya mipira yake tukayaziba kwa boliti. Mipira miwili haikuzibwa: wa distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, na ule mnene wa busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Ndani ya huo mna valvu inayopitisha hewa upande mmoja tu; mshale wake lazima uelekee injini, la sivyo busta haisaidii breki.

Kwetu, mpira aliofunga mkubwa, mdogo haugusi, wala haukagui.

Asubuhi moja Fundi Mkuu alimaliza gari la mwalimu mmoja wa Boko. Mama yule ameshaketi kwenye usukani, injini inanguruma, wanawe wako nyuma. Nikienda kufunga boneti, nikaona mshale unaelekea busta. Kama macho yananidanganya, nitamvunjia heshima mbele ya mteja. Kama hayanidanganyi, gari lile linaelekea barabara kuu.

"Shikamoo, Fundi."

"Si umeshaniamkia wewe? Sema."

"Mshale, Fundi."

Mpiga rangi wa gereji akaangua kicheko. "Haya, bosi mpya huyo!"

Fundi Mkuu hakucheka. Alimwomba mama ashuke, akazima injini, akakanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali ikawa ngumu. Mguu ukiwa palepale, akawasha. Busta ikisaidia, pedali ilipaswa kuzama kidogo. Haikuzama.

"Mwalimu, shusha watoto. Nimekosea mie."

"Si ulisema tayari?"

"Nilisema. Haikuwa tayari."

Aligeuza valvu mwenyewe.

Baadaye nilihamia gereji ya Temeke, kisha nikawa msimamizi wa gereji Kinondoni hadi kustaafu. Hofu haikuniacha; kila gari lililotoka getini lilinitoa jasho. Fundi Mkuu tumemzika mwaka huu. Waombolezaji walisifu mikono yake. Mie ninachomlilia ni kingine: nilimwogopa sana, nikasema, na hakuwahi kunifanya nijute.