Nembo ya Kijani na Mchicha wa Mama Samadi

Shangazi yangu hakuingia kwenye kilimo hai kwa ushauri wa mtaalamu. Aliingia kwa ukaidi. Alisema dawa za dukani zinamwasha mikono, akamwaga samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni kwenye matuta yake, na mchicha ukaota wenye matundu, maana hata wadudu wanajua kitamu. Watu wakambandika jina la Mama Samadi. Aliuza kando ya barabara, na ikifika adhuhuri mboga zimelegea kuliko muuzaji.

Ndipo serikali ikaamua kukuza soko la kilimo hai. Kwanza ikakuza semina. Tulipewa kofia, fulana na chai, kisha afisa mmoja akatueleza kuwa limejengwa soko jipya lenye paa na meza za vigae, na kila mkulima atakayepata nembo ya kijani atapata meza. Shangazi hakusikia kingine siku ile. Alisikia paa.

Afisa angepita mashambani kukagua. Hapo mume wa shangazi akaona asikae bure. Mzee huyu ni fundi rangi mstaafu, na maisha yake yote hajawahi kumwonyesha mwenye nyumba ukuta wenye matundu. Kwa nia njema kabisa aliazima bomba la kupulizia kwa jirani, akayapiga dawa matuta ya mbele, yanayoonekana kutoka njiani. Ya nyuma aliyaacha, kwa sababu nyuma ya kabati hapapakwi rangi. Majani mapya yakatoka laini, na shangazi akayashukuru majivu yake.

Afisa alipokuja, aliyapita matuta ya nyuma amekunja uso, akasimama kwenye ya mbele akitabasamu. Akasema hicho sasa ndicho kilimo hai, akapiga picha, akampa nembo. Jioni mzee alishindwa kujizuia, akajisifu. Shangazi akasukuma sahani kando.

Asubuhi nilimsindikiza ofisini. Alieleza yote, na mumewe hakumficha, kwani mficha uchi hazai. Afisa akainuka, akafunga mlango.

"Mama, meza unaitaka au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi siku ya uzinduzi lete zile za mbele. Mgeni rasmi hawezi kupigwa picha na matundu."

Nyumbani mzee alimsihi akubali, na mimi sikujua nimuunge mkono nani. Siku ilipofika, shangazi akachuma mchicha wa nyuma.

Afisa aliuondoa mezani hata kabla spika hazijawashwa. Akabandua nembo, na meza akampa mchuuzi aliyeleta kabichi za soko la jumla, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Nembo ikabandikwa upya. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, ila hawakusema kimepuliziwa nini. Mgeni rasmi akainua kabichi moja juu, akaiita afya ya taifa, soko zima likapiga makofi. Nilikuwa na hasira za kutosha kupindua ile meza, lakini serikali ilikuwa imeijengea sakafuni.

Shangazi alikuwa nje ya lango, na kapu lake, juani. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaanza kuita wateja.

Magari ya wageni yalipoondoka, afisa akatoka. Alitazama kushoto na kulia, akainama kwenye kapu. Kwa sauti ya chini akasema anataka mchicha wa kupeleka nyumbani kwake, watoto wake bado wadogo.

"Mboga ya watoto wako iko ndani, mwanangu," shangazi alimwambia. "Ina nembo."

Afisa hakuondoka. Alisimama pale jasho likimtoka, mpaka shangazi alipochoka kumtazama, akamfungia mafungu mawili. Watoto hawakuwa wamemkosea kitu.