Paa la Mama Lisilo na Mgongo Katikati

Mama alipopata kiwanja hapa Bunia, baada ya miaka ya kupanga vyumba vya watu tangu tulipokimbia kutoka kwetu Djugu, hakuniuliza kama ningeweza kumchorea nyumba. Aliniambia tu anavyoitaka.

"Ile nyumba yetu ya kule, paa ilikuwa inashuka mbele, inafunika baraza yote. Mvula ikikamata watu mu njia, wanaingia pale. Nataka vile. Nyuma iishie kwa ukuta tu, mvula isimwagikie jirani."

"Mama, ile haiko paa ya kawaida."

"Sasa weye ulisoma juu ya nini?"

Nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ndogo ya mtaa wa Lumumba, mwanamke peke yangu kati ya wanaume watatu. Nyumba nilizokuwa nimechora zote zilikuwa na mgongo wa paa katikati, pande mbili sawasawa kama kitabu kilichofunuliwa na kupinduliwa. Programu yetu ya kuchora ilipenda hivyo. Ukiipa kuta nne, inaweka mgongo katikati yenyewe, hata hujaomba.

Nikajaribu kuusukuma mgongo nyuma, juu ya ukuta unaotenganisha sebule na vyumba. Programu ikakubali, lakini ili pande zote mbili ziishie kimo kimoja, ikausimamisha upande wa nyuma kama ngazi na kuulaza wa mbele karibu kama meza. Kwa mvua za Ituri, bati lililolala hivyo linavuja msimu wa kwanza tu.

Patro, bosi wetu wa ofisi, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Rudisha mugongo katikati, tumalize. Mashini yenyewe inataka vile."

"Mashini haijue mama yangu, patro."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka, ila aliniachia kompyuta.

Nililifuta paa lote. Badala ya kuiachia programu ilitengeneze kwa mara moja, nikachora kila upande peke yake, kama ubao: ule wa nyuma mfupi, ule wa mbele mrefu, zote mbili kwa mwinamo uleule. Nikazikutanisha juu ya ule ukuta wa ndani. Sasa upande wa mbele, kwa kuwa ni mrefu, ulishuka chini kuliko wa nyuma, na hilo ndilo nililolitaka. Lakini ulishuka mno: mtu mrefu angegonga kichwa akiingia barazani. Nikaongeza safu za matofali kwenye kuta zote, paa zima likapanda. Kisha nikaizungusha nyumba kwenye kioo, taratibu, nikaitazama kwa ubavu. Mgongo ulikuwa umekaa nyuma, na paa limeinama mbele kama mtu anayekaribisha wageni. Nikamwita patro aje aone.

Patro aliitazama kwa muda, akaizungusha mwenyewe.

"Utanionesha vile ulifanya," alisema. Akavuta kiti akaketi pembeni yangu, nami nikamwonesha, hatua kwa hatua, mbele ya wale waliocheka.

Siku mafundi walipopigilia bati la mwisho, mama alikuwa ameshatoa viti nje, barazani, wakati sakafu bado ni udongo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni la mihogo kichwani alisimama akashangaa.

"Mama, fundi wako alikosea? Mugongo ya nyumba iko nyuma."

Niliinamisha uso, nikangoja mama aanze kueleza habari za mvua na jirani. Hakueleza. Alisimama, akanishika mkono, akanivuta mpaka njiani, ili yule mwanamke anione vizuri.

"Hakuna mwenye alikosea," alisema kwa sauti ambayo hata majirani walitoka kuisikiliza. "Ni huyu alichora. Mutoto wangu. Tua beseni, ingia uangalie na ndani."